Anza na Waya

Habari ya kifo cha Shabani ilinikuta nyumbani, na hilo si ajabu, maana habari zote hunikuta nyumbani. Mimi ni mtu wa ndani. Hapa Dunda, Bagamoyo, wanasema paka wa jirani yangu anajulikana mitaa mingi kuliko mimi, na hawasemi uongo. Nilikuwa nimekaa chini sebuleni, kompyuta ya shule moja imefunguliwa tumbo mbele yangu, bisibisi iko mdomoni, simu ikaita. Sauti ya mwanamke, imekauka kwa kulia, ikauliza kama mimi ndiye mtani wa Shabani, Baba Tatu, yule aliyefanya naye kazi kwenye kampuni ya kamba na pweza. Nikasema ndimi. "Mwenzio katutoka alfajiri," akasema. "Tunazika leo baada ya alasiri, huku kwetu Vigwaza. Namba yako nimeikuta kwenye kidaftari chake. Kaandika Mzaramo Mvivu, basi, jina lingine hakuna. Nikajua Mzaramo mvivu wa mume wangu ni mmoja tu." Nikacheka. Kweli kabisa nilicheka, bisibisi ikadondoka sakafuni, na nilipomaliza kucheka nikakuta chai imeota ngozi na sijui nimekaa pale kwa muda gani.

Maziko sikuwahi. Ningeweza kusema nilikosa usafiri, lakini bodaboda pale kona zimejaa kama nzi kwenye fenesi. Nilichokosa ni miguu. Nilipofanya kazi na Shabani nilikuwa binti wa miaka ishirini na miwili. Sasa nimevuka arobaini, ngazi tatu nazipanda kwa kutia nia kwanza, na katika miaka yote ya katikati nilimwona mara mbili tu, zote kwa mbali, na zote nikageuza njia. Mtu hamkimbii mtani wake bure. Mtani ndiye mtu pekee duniani unayeweza kumwambia lolote, kumnyang'anya kofia, kumwita mwizi mbele ya wakwe zake, na asikasirike. Mimi nilikuwa na jambo moja ambalo hata kwake sikuweza kulisema, na ni la mwaka ule mmoja, na nitalisema hapa kama lilivyokuwa, bila kujiremba, ingawa kujiremba kwenyewe sijawahi kukuweza.

Ofisi ya kampuni ilikuwa ghorofani, katika jengo la zamani lenye kuta nene kama za jela, na vyumba vya baridi vilikuwa nyuma, uani. Chumba chetu cha kompyuta hakikuwa chumba bali nusu ya chumba. Nusu ya pili alikaa meneja, na kati yetu na yeye palikuwa na ubao mwembamba usiofika darini, kwa hiyo tulijua presha yake imepanda ngapi, mkewe kamnunia kwa nini, na kwamba simu ya Dar akiipokea husimama wima kama mtoto wa madrasa. Kila kitu kilinuka kamba. Karatasi zilinuka kamba, kiti kilinuka kamba, nami nikirudi nyumbani bibi yake paka yule alikuwa ananisindikiza mpaka mlangoni. Urafiki wangu na ukoo ule wa paka ulianzia huko. Nilikuwa nimetoka kidato cha nne na cheti cha kozi ya kompyuta ya miezi mitatu, ambayo miezi miwili umeme haukuwepo. Shabani aliniangalia siku ya kwanza kama mtu aliyeagiza ng'ombe akaletewa mbuzi.

"Kabila gani wewe?"

"Mzaramo."

Akapiga makofi. "Alhamdulillahi! Wameniletea mtani. Mimi Mnyamwezi wa Tabora. Kuanzia leo chai yangu unachemsha wewe, na usiku uje unikande miguu."

"Mnyamwezi gani anakaa mikono mitupu?" nikamwambia. "Babu zako walifika Bagamoyo na mizigo kichwani. Hebu beba huu mkoba wangu kwanza, ndiyo tuongee."

Akaubeba. Akauweka kichwani, mtu mzima wa miaka thelathini na ngapi sijui, akazunguka nao meza huku akiguna kama mpagazi, na kutoka ng'ambo ya ubao meneja akauliza kuna nini humo. Tangu hapo tukawa hivyo. Wiki nzima alikaa Dunda kwenye chumba cha kupanga, na kila Ijumaa akitoka msikitini alikwenda moja kwa moja kwa mkewe Vigwaza, ambako walikuwa na shamba na binti yao mdogo, Tatu. Jumatatu alirudi na mfuko wa karanga au wa michembe, vile viazi vilivyokatwa vikakaushwa ambavyo kwao ni chakula na kwetu ni kitu cha kurushia kunguru. Mchana tulikula pamoja mezani, katikati ya nyaya: mimi mihogo ya nazi, yeye ugali na chochote. "Nyie watu wa pwani," alikuwa akisema, "nazi imewapanda mpaka kichwani. Tukiwapasua humo ndani tutakuta tui." Nami namwambia michembe yake imekauka kuliko akili ya aliyeikausha. Nikikumbuka leo naona nilikula chakula changu kizuri cha ujana katika chumba kile kinachonuka, na sikujua.

Kazi alinifundisha yeye, na alinifundisha kama mtu anavyofundisha udhu: kwa mpangilio, na ukiruka kiungo unarudi mwanzo. Mtandao ukikatika usikimbilie kubuni. Anza na waya. Je, umechomekwa? Haujatafunwa na panya? Taa inawaka, na ya rangi gani? Halafu ndiyo uje kwenye anwani, halafu lango, halafu ukuta wa ulinzi, halafu Dar. "Watu wote wanapenda kuanza na Dar," alikuwa akisema, "kwa sababu Dar iko mbali na kosa likiwa mbali linapendeza. Wewe anza na waya, mtani. Kosa mara nyingi liko chini ya meza yako." Nilikuwa nikiitika ndiyo bwana, huku nimeinama chini ya meza, mgongo unauma, nikiwaza kitanda changu.

Mkasa wenyewe ulikuja wakati wa masika. Kompyuta iliyopokea vipimo vya joto la vyumba vya baridi ilikufa. Ilikuwa ya zama zile ambazo skrini zilikuwa na kisogo, na programu iliyokaa ndani yake ilikuwa ya zama hizo hizo. Kompyuta mpya ziliikataa kama mtoto anavyokataa dawa. Bila rekodi ya joto wanunuzi wa ng'ambo hawapokei hata kamba mmoja. Dawa aliyoileta Shabani ilikuwa kuweka kompyuta ndani ya kompyuta. Ndani ya ile mpya akaumba nyingine, haina chuma wala plastiki, inayojidhania ni ya zamani, na humo programu ikaishi kwa amani. Vitabuni inaitwa mashine pepe. Wanawake wa kumenya kamba waliposikia kwamba ndani ya kompyuta kuna kompyuta nyingine isiyoshikika, walisema bila kupepesa macho kwamba ile ina jini. Jina likaganda. Hata meneja akawa anauliza, "Jini limeamkaje?"

Jini liliamka vibaya. Tulipoliunganisha na mtandao, taa ya kijani kwenye kile kisanduku cha ukutani chenye matundu ya nyaya ikageuka rangi ya machungwa, halafu ikazimika, na kompyuta nzima ikakatika pamoja nalo. Nikaanza na waya. Waya mzima. Nikabadilisha waya, nikabadilisha tundu; tundu la pili nalo likafa, na la tatu. Nilikuwa naua matundu kama mtu anayeua mbu. Shabani akanisimamisha, akaketi, akaniambia nisikilize. Makao makuu Dar, alisema, wamefunga mtandao kama mtu aliyewahi kuibiwa, na kweli mwaka ule orodha ya wanunuzi wao ilikuwa imevuja na walikuwa hawamwamini hata mpika chai. Kila kadi ya mtandao ina jina lake ililopewa kiwandani. Ukichomeka waya unapiga hodi; kisanduku kinauliza nani; unataja jina; jina linatafutwa kwenye orodha ya Dar. Likikosekana, tundu linafungwa. "Sasa jini letu lina kadi yake ya kubuni," akasema, "na linapiga hodi kwa jina ambalo Dar hawajawahi kulisikia. Wao wanaona mtu mmoja kaingia, na nyuma ya kanzu yake wanaona miguu minne."

Tulijaribu kulificha jini nyuma ya kompyuta mwenyeji, lipite kwa jina la mwenyeji wake. Kutoka lilitoka. Lakini programu ile ilikuwa na adabu za kizamani: haipeleki habari, inangoja kufuatwa. Seva ya Dar ikija kuchukua rekodi inamkuta mwenyeji mlangoni, mgeni aliyelala chumbani haimwoni, inarudi mikono mitupu. Siku nne tulihangaika hivyo. Naandika amri ya kuiita Dar, najibiwa mistari ile ile: hakuna jibu, hakuna jibu, hakuna jibu, hakuna jibu. Shabani alisema hiyo ni sauti ya mwanamke wa Kizaramo akiombwa msamaha. Mwisho akasema kilichobaki ni fomu. Akaijaza kwa mwandiko wake mzuri, kurasa tatu, akiomba jina la jini liandikwe kwenye orodha, na sauti ya kitengo cha ulinzi kwenye simu ikamwambia itachukua muda wake. Mpaka hapo, joto lisomwe kwa macho, mara tatu kwa siku, na kutajwa kwa simu.

Hapo ndipo dunia ilipoanza kunionea. Zamu ya magharibi aliichukua Shabani, na akiwa Vigwaza nayo ikawa yangu, ya mchana tulipokezana, na ya saa kumi na mbili asubuhi ikaniangukia mimi, kwa kuwa kwetu kulikuwa karibu. Mimi! Mtu ambaye mpaka leo naamini asubuhi imewekwa kwa ajili ya jogoo na watu wenye matatizo. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Naamka giza bado lipo, nachapa matope ya masika, navaa koti la kuazima lenye harufu ya pweza marehemu, naingia chumba cha kwanza, cha pili, cha tano, nasoma namba pumzi inatoka kama moshi, halafu nasimama kwenye simu kuzitaja kwa mtu wa Dar aliyekuwa akipiga miayo bila haya. Nilimlalamikia Shabani kila siku. Nilimwambia, "Si jini lina kadi ya kubuni? Si jina lake tunaliandika wenyewe? Tuliandike jina lolote lililomo kwenye orodha, likapite." Aliacha kutafuna. Alikuwa na namna ya kuvua miwani alipotaka kusema kitu kisicho utani. "Linawezekana," akasema. "Ndiyo maana halifanywi." Akarudisha miwani, akaendelea na ugali wake.

Ijumaa moja ya wiki ya nne, yeye kaenda msikitini na akitoka huko ni Vigwaza moja kwa moja, meneja kalala kwenye kiti ng'ambo ya ubao, mvua inapiga bati. Kompyuta ya Shabani ilikuwa imezimwa. Ubavuni ilikuwa na kibandiko, na juu ya kibandiko, kwa mwandiko ule ule wa fomu, jina lote la kadi yake, herufi na tarakimu kumi na mbili. Nililitazama huku nakula michembe yake. Nataka ieleweke kwamba sikuwa na nia mbaya. Sikuwa na nia yoyote zaidi ya kulala Jumamosi asubuhi. Nikalinakili jina lile, nikalivika jini. Nikachomeka waya. Taa ikawaka kijani, ikakaa kijani. Ukurasa wa seva uliokuwa ukimfungukia Shabani peke yake ukanifungukia mimi kama mlango wa nyumba ya harusi, nikaielekeza seva ije kuchukua rekodi pale, na baada ya dakika chache ikaja, ikachukua, ikaondoka. Nilicheza. Peke yangu, katikati ya nyaya, nilicheza. Jumamosi nikalala mpaka jua likanikuta, nikaletewa vitumbua kitandani kwa sababu nilijisingizia homa, na Jumapili vivyo hivyo. Sijawahi kulala vizuri namna ile, si kabla wala baada.

Jumatatu nikawahi kazini kuliko mtu yeyote, jambo ambalo peke yake lingetosha kunifungulia kesi. Nilijua Shabani akiwasha kompyuta yake kutakuwa na watu wawili wenye jina moja na wote watatupwa nje. Nikalivua jini jina lake, nikarudisha mipangilio yote, nikavaa koti la pweza, nikaenda kusoma joto. Aliponikuta akasema, "Leo jua limechomoza magharibi?" Nilikusudia kumwambia. Nilikusudia kumwambia siku ile, na kesho yake. Nilikuwa nasubiri pahali pa kuligeuza liwe utani, nimwambie mtani nimekuvalia jina lako siku tatu na lilikuwa linanibana kwapani, naye anitukane, yaishe. Pahali hapo sikupapata, wiki mbili zikapita, na wageni wakaja.

Walikuwa wanaume wawili wa kitengo cha ulinzi kutoka Dar, na karatasi. Walimwita Shabani upande wa meneja. Mimi nilibaki upande wetu na kikombe cha chai, na ubao ule mwembamba.

"Kompyuta yako iliingia kwenye seva Ijumaa saa nane na nusu mchana," sauti moja ikasema. "Ikabadilisha mipangilio. Ikakaa humo mpaka Jumatatu asubuhi."

"Ijumaa saa nane na nusu nilikuwa njiani kwenda Vigwaza."

"Nani anajua?"

"Mke wangu."

"Mke si shahidi, bwana. Orodha ya wanunuzi imevuja tena, na anayeingia seva siku za mapumziko ni wewe. Utuambie tuelewe vipi?"

Nikasikia kiti kikilia. Halafu sauti ya pili, laini zaidi: "Na huyu binti mnayekaa naye chumbani? Anaweza kuwa anajua mambo haya?"

Nimepima vitu vingi maishani, sijawahi kupima kitu kirefu kama kimya kilichofuata. Katika jengo lile watu waliojua kwamba jini linaweza kuvalishwa jina tulikuwa wawili. Yeye hakufanya. Hesabu hiyo haihitaji kozi ya miezi mitatu. Kikombe kilikuwa kinaniunguza vidole na sikukitua.

"Yule?" Shabani akasema. "Yule Mzaramo? Yule ukimpa waya wa mtandao anaanikia kanga."

Wakacheka. Wote, hata meneja. Sikuitwa.

Alirudi upande wetu kukusanya vitu vyake kwenye boksi la karatasi: bisibisi, kikombe, mkeka wa kuswalia, mfuko wa michembe uliobaki nusu. Nilisimama tu. Kama ningesema neno moja, ni mimi ambaye ningebeba boksi lile, na nilijua hivyo, na nyumbani nilikuwa nimeshaahidi mambo kwa ajili ya kazi ile. Hizi zote ni sababu, zina uzito wa unyoya. Akalipandisha boksi begani. Akafika mlangoni, akasimama, akageuka kidogo, akangoja. Nilijua anangoja nini. Mnyamwezi kabeba mzigo, Mzaramo yuko nyuma yake. Mtani gani angeiacha ile? Alikuwa amenifungulia mlango niseme chochote, hata upuuzi. Nikainama kukagua waya uliokuwa umechomekwa vizuri. "Haya, mtani," akasema. "Usisahau kuamka kesho."

Ruhusa ya jini ilikuja siku nne baadaye. Jina lake likaandikwa kwenye orodha, nikachomeka waya, taa ikawa kijani kwa halali. Nikahamia kwenye kiti cha Shabani na nikakikalia miaka tisa. Kuhusu yeye nilisikia vipande vipande, maana mji huu habari haikosi miguu. Mnyamwezi kauza siri za kampuni. Mnyamwezi hapati kazi ya ofisi popote, wakipiga simu kuulizia wanaambiwa habari yake. Mnyamwezi anatengeneza simu kwenye kibanda Vigwaza. Mpaka leo sijui kama siku ile alinikinga kwa kujua, au aliniona mjinga kweli na akasema alichoamini. Nimeyapima yote mawili, na hakuna hata moja linalonipa usingizi.

Siku ya hitma nikaenda. Nilivaa, nikavua, nikavaa tena, paka ananitazama. Nyumba yao Vigwaza ni ya matofali, haijapigwa lipu upande mmoja, na uani wanawake walikuwa wamejaa kwenye mikeka, sufuria za wali na maharage zinatoa mvuke, sauti ya kisomo cha wanaume inatoka barazani. Mama Tatu alikuwa chumbani, kwenye eda, amejifunika kanga nyeupe. Nilikuwa sijapata kumwona ana kwa ana. Nikamwambia, "Pole sana, wifi," naye akanishika mkono na hakuuachia. Alinikaribisha chini karibu naye, akangoja mpaka aliyekuwa akileta uji akatoka.

"Wewe ulikuwepo," akaniambia kwa sauti ya chini. "Watu wamesema mengi miaka yote hii. Nilimuuliza mwenyewe mara moja tu, akaniambia, Mama Tatu, mimi sikuchukua kitu cha mtu, nami sikumuuliza tena. Lakini Tatu ameyasikia shuleni, ameyasikia kisimani, juzi nimeyasikia mimi hapa hapa msibani. Niambie, wifi. Mume wangu alifanya nini?"

Niliangalia ukuta. Nikasema mambo ya ofisi yalikuwa mengi na mimi nilikuwa mdogo. Huko ndiko kuanza na Dar. Akauachia mkono wangu polepole, akasema, "Haya."

Nilipotokea uani mashangazi zake waliotoka Tabora walishanipata. "Mtani wa marehemu huyu hapa! Siku tatu hatujachekeshwa, msiba gani huu umepooza kama wa ng'ombe? Mpeni shati!" Nyie mnajua desturi. Mtani msibani ana kazi yake: anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anamsema, mpaka waliolia wacheke. Wakaniletea shati lake la bluu la mikono mifupi, mfukoni bado lina alama ya bisibisi, na miwani yake. Nikavaa. Ilikuwa mara ya pili navaa kitu chake bila yeye kuwepo. Lakini miguu ilimkumbuka. Nikatembea ule mwendo wake wa kuguna, nikaweka boksi la sukari begani, wanawake wakaanza kucheka. Nikasema kwa sauti yake, "Wazaramo mnapika nazi mpaka kwenye maji ya kunywa!" Wakapiga vigelegele. Na hapo, sijui kwa nini, labda kwa sababu miwani ilifanya sura zote ziwe ukungu, nikasema, "Jamani, mimi Shabani sikuuza siri ya mtu! Kulikuwa na Mzaramo mmoja mvivu, hataki kuamka asubuhi, akaiba jina langu akaivalisha mashine, akaenda kulala siku tatu! Nikafukuzwa mimi! Yeye akakalia kiti changu miaka tisa, makalio yake yakaota mizizi!"

Kicheko kile nadhani kilisikika mpaka barabara ya Morogoro. Shangazi mmoja alijilaza ubavu akishika mbavu. "Mtani huyu!" wakasema. "Anajitukana mwenyewe! Mungu akuweke!" Hakuna aliyesikia. Neno la mtani msibani halina uzito, ndiyo ruhusa yake. Nilikuwa nimesema kweli yote, mbele ya mashahidi arobaini, na ilikuwa kama sijasema. Siku ile ya ubao Shabani alinitania na wakacheka, nikaokoka. Leo nami nimewatania na wamenicheka. Nikasimama pale uani na boksi la sukari begani, jasho linanitiririka ndani ya shati lake.

Kutoka chumbani sauti ikaita, si kubwa. "Mleteni huyo mtani."

Nikaingia. Mama Tatu alikuwa amekaa pale pale. Akanionyesha mlango kwa kidevu, nikaufunga, kelele za uani zikapungua. Hakuwa anacheka, na sikuona kama alikuwa amecheka.

"Vua shati," akasema.

Nikalivua, nikalikunja, nikaweka miwani juu yake. Akavichukua, akaviweka mapajani, mkono wake juu yavyo.

"Sasa sema tena. Wewe mwenyewe."

Nilitafuta pa kuanzia. Yalinijia ya Dar, na ya wale wanaume wawili, na ya seva, na orodha iliyovuja, na ujana wangu, yote yako mbali, yote yanapendeza. Nikakaa chini mkekani mbele yake, magoti yakalia.

"Wifi," nikasema, "ilikuwa Ijumaa mchana, mvua inanyesha, yeye kaja huku kwako. Mimi nilikuwa nimeshika waya."